Wazee wa Ayalandi wa karne ya 19 na maandishi yao ya mambo ya kale: mtafiti wa historia ya kijiji awaamini hadi wapi?

#1 Mjukuu wa Pangani
Wakuu, salaam. Nipo Ayalandi mwaka wa saba sasa, kazi yangu uuguzi. Parokia ninayoishi ina kikundi cha historia, tunakutana Jumanne usiku. Mwaka huu tumeamua kuandika habari za vitongoji vyetu kimoja kimoja, na mimi nimepewa kiitwacho Killeen. Msihangaike kukitafuta, nchi hii ina akina Killeen wengi.

Nimekwama kwenye jina lenyewe. Kuna madaftari ya majina ya miaka ya 1830, ya wapima ramani wa Ordnance Survey. Kwenye ukurasa wetu kuna tahajia nne za jina kwa wino, halafu pembeni neno moja kwa penseli: *Coillín*, yaani msitu mdogo. Mwenyekiti wetu anasema hiyo ni penseli ya John O'Donovan, na alichoandika O'Donovan hakipingwi. Lakini kuna bibi wa miaka 88, nyumba yake inatazamana na lile shamba. Yeye anasema hajawahi kusikia habari ya msitu. Pale ni *Cillín*, wamelala watoto. Neno hilo asili yake ni kanisa dogo, lakini makaburi ya watoto nayo huitwa hivyo.

Kwa hiyo nauliza wenye ujuzi: hawa kina O'Donovan, Petrie, O'Curry na wenzao, mtafiti wa kijiji aanze kwao, au awaweke kando asikilize wenyeji kwanza?

#2 Mtoto wa Posta
Naweka kambi hapa. Uzi kama huu haujaonekana siku nyingi.

#3 Mzee Karani
Dada Mjukuu, umeuliza jambo kubwa. Niwatambulishe hao wazee kwanza, maana wengine watapita hapa bila kuwajua.

Mwaka 1824 serikali ya Uingereza iliamua kuipima Ayalandi yote, inchi sita za karatasi kwa kila maili moja ya ardhi. Mkuu wa kazi alikuwa Thomas Colby, lakini aliyeendesha ofisi ya Dublin ni Thomas Larcom. Larcom aliona ramani haiwezi kujazwa majina na watu wasiojua majina yametoka wapi, mpaka akaanza kujifunza Kiayalandi mwenyewe. Mwalimu wake ndiye huyo O'Donovan, mtoto wa mkulima wa kaunti ya Kilkenny, ambaye aliajiriwa 1830 akiwa kijana wa miaka 24. Baadaye mchoraji George Petrie akawekwa kuongoza idara, na ofisi ikawa nyumbani kwake Great Charles Street. Akaja Eugene O'Curry kutoka Clare, bingwa wa kusoma miswada. Hata mshairi James Clarence Mangan alikaa pale akinakili.

O'Donovan alitembea kaunti baada ya kaunti akiuliza wazee, na kila alipolala aliandika barua kupeleka Dublin. Barua hizo, za 1834 hadi 1841, zipo Royal Irish Academy, jumuiya ya wasomi ya Dublin. Januari 1839 alikuwa Glendalough, kwenye milima ya Wicklow, baada ya kuvuka mlima kwenye theluji, na usiku wa tarehe 6 ukavuma ule upepo mkubwa ambao Waayalandi wanausimulia hadi leo. Ukisoma barua zake unaona mtu aliyelowa, aliyechoka, na bado anauliza jina la kisima.

Miaka michache baadaye akahariri Annals of the Four Masters, kumbukumbu za kale za Ayalandi za mwaka kwa mwaka, juzuu saba, 1848 hadi 1851. Tanbihi zake zimejaa mahali alipopakanyaga mwenyewe. Mwenyekiti wenu ana sababu ya kumheshimu.

#4 Fundi Ramani
Mzee Karani umesema vizuri, ila naongeza kitu ulichokiruka. Ramani ile haikuchorwa kwa mapenzi ya historia. Ilikuwa ya kodi. Kodi ya kaunti ilitozwa kwa kitongoji, na mipaka ya vitongoji ilikuwa vurugu, kwa hiyo wakataka kila kimoja kijulikane kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Vitongoji zaidi ya 60,000. Waliovuta minyororo ya kupimia walikuwa wanajeshi, wahandisi wa jeshi la Uingereza.

Mimi ni mpima ardhi, na madaftari hayo nimeyasoma kwa nakala za mtandaoni. Kila jina lina orodha ya tahajia, na mbele ya kila tahajia imeandikwa imetoka kwa nani: daftari la kodi, ramani ya zamani, padri, wakala wa mwenye shamba. Kazi ya O'Donovan ilikuwa kuchagua, kati ya tahajia za Kiingereza zilizokuwepo, ile iliyo karibu zaidi na neno la asili la Kiayalandi. Hilo neno la asili ndilo lililoandikwa kwa penseli. Kwa hiyo dada, ile penseli ni maoni ya mtu mwenye sikio zuri, aliyepita labda siku moja au mbili. Wino ulio juu yake ndio ushahidi wa wenyeji. Hebu tuwekee hizo tahajia nne.

#5 Kalamu Kavu
Hapo #4 umegusa kidonda. Mimi siwezi kuwaita mashujaa watu waliobadilisha majina ya nchi nzima kuwa sauti zisizo na maana. *Baile* ikawa Bally, *doire* ikawa Derry, *cill* (kanisa) na *coill* (msitu) zote zikatupwa kwenye Kil. Mtoto anakua anaishi mahali ambapo jina halimwambii kitu. Na ofisi yenyewe ya ramani ilikuwa ndani ya Phoenix Park, Dublin. Watu wanadhani ni yule ndege wa hadithi za Wagiriki. Ni *fionn uisce*, maji meupe safi!

#6 Msafiri wa Kisumu
Kalamu Kavu, hiyo ya maji imenigusa kwa sababu Nairobi nayo ni maji. *Enkare Nairobi*, maji baridi, kwa Kimaasai. Mji mzima umejengwa juu ya neno la maji na wakazi wake wengi hawajui.

#7 Mzee Karani
Kalamu Kavu, hasira yako naielewa, lakini tuwe na haki. Bally na Derry zilikuwa zimeshaandikwa hivyo kwenye hati za kodi na za mashamba miaka 200 kabla O'Donovan hajazaliwa. Kilichokuwa kinakufa ni kumbukumbu ya neno lililo nyuma yake, na yeye ndiye aliyeiandika. Bila ile penseli, leo kamati ya majina ya Kiayalandi ingeanzia wapi?

#8 Kalamu Kavu
Aliandika kwa penseli, wenye ramani wakachapisha Kiingereza kwa wino. Sisemi zaidi.

#9 Dokta wa Udongo
Naingia na upande wangu wa akiolojia. Thamani ya kizazi hiki naiona zaidi kwenye mbinu kuliko kwenye majina.

Kabla yao, mambo ya kale ya Ayalandi yalikuwa uwanja wa ndoto. Chukua ile minara ya duara, mirefu, mlango uko juu mita kadhaa kutoka ardhini. Jenerali Charles Vallancey na wafuasi wake waliihusisha na Wafoinike na ibada ya moto. Henry O'Brien alileta Ubuddha. Royal Irish Academy ikatangaza shindano la insha kuhusu asili ya minara, na mwaka 1833 Petrie akashinda. O'Brien alipewa paundi 20 za kufutwa machozi na hakuridhika hata kidogo.

Petrie alifanya nini? Aliipima. Aliangalia jinsi mawe yalivyochongwa na kupangwa, akalinganisha na makanisa yaliyo jirani, halafu akaenda kwenye miswada akakuta inaiita *cloigtheach*, nyumba ya kengele. Hitimisho: ni kazi ya Wakristo, minara ya kengele na ya kukimbilia wakati wa hatari. Kitabu chake kilitoka 1845. Leo kuna mabishano kuhusu matumizi mengine, lakini hakuna mtu makini anayerudi kwa Wafoinike.

Mjukuu, hilo ndilo la kufuata: nenda shambani, kisha nenda kwenye maandishi, halafu urudi tena shambani.

#10 Binti Lamu
Jamani mnasahau sababu kubwa kuliko zote. Moto wa 1922! Jumba la kumbukumbu pale Four Courts, mahakamani Dublin, liliteketea tarehe 30 Juni, sensa zote za karne ya 19 zikaisha, wosia, vitabu vya ubatizo. Wazee hawa wana thamani kwa sababu walinakili vitu ambavyo havipo tena. Wangekuwa wajinga kabisa bado tungewahitaji.

#11 Fundi Ramani
Binti Lamu, hoja yako ina uzito lakini rekebisha hapo kwenye sensa. Zilizoungua 1922 ni za 1821 hadi 1851, na hata hizo vimebaki vipande. Za 1861 na 1871 serikali ilishaziharibu yenyewe zamani, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi upya wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Moto unabebeshwa makosa ya makarani. Kamili zilizopo ni 1901 na 1911.

Na vitabu vya ubatizo vilivyoungua ni vya Kanisa la Ayalandi, la Kianglikana, zaidi ya nusu. Vya Wakatoliki vilikuwa parokiani kwao, vikapona.

#12 Binti Lamu
Nimekubali marekebisho, asante. Lakini wosia uliungua, hapo hunirudishi nyuma! Na hapa nataka kumtaja mtu ambaye hamjamtaja: Sir William Betham, mkuu wa ofisi ya nembo na nasaba Dublin. Kwa nadharia zake alikuwa upande ule ule wa Wafoinike, mwaka 1842 akatoa kitabu kizima kuunganisha Waayalandi na Waetruski, watu wa kale wa Italia, na Petrie alibishana naye sana. Lakini huyo huyo Betham alikaa akifupisha wosia wa zamani mmoja mmoja: jina la marehemu, mke, watoto, nani kapata nini. Wosia wenyewe ni majivu. Madaftari ya Betham yapo. Kuna familia ambazo hazina ushahidi mwingine duniani kwamba baba alikuwa mtoto wa fulani.

Sasa niambieni, huyo tumweke kundi gani?

#13 Dokta wa Udongo
Duh. Betham amenifunga mdomo kidogo. Mbinu mbovu, nakala safi.

#14 Mtoto wa Posta
Dokta kafungwa mdomo, hii tarehe tuiandike.

#15 Mkwe wa Mayo
Salaam wote. Nipo Kanada, mke wangu kwao asili ni kaunti ya Mayo. Nieleze yaliyotukuta.

Tulikuwa na barua ya zamani ya babu yake inataja kitongoji tu, bila parokia. Tukaingia kwenye orodha ya Griffith, ile tathmini ya mali ya 1847 hadi 1864, ambayo watu wa nasaba wanaitumia badala ya sensa. Jina la ukoo lipo, jina la kitongoji lipo, tukafurahi, tukakata tiketi. Tumefika, padri anatuonyesha makaburi, hakuna hata mmoja. Siku ya tatu mzee mmoja kwenye duka la vifaa vya shamba akatuuliza tunatamkaje hilo jina. Tukatamka. Akatikisa kichwa, akasema hilo mnalolitamka liko upande wa pili wa ziwa, hapa pana jina lile lile kwa maandishi lakini sauti ni nyingine.

Tuliporudi Kanada nikafungua barua za O'Donovan za Mayo, za mwaka 1838. Tofauti ya maana ya majina yale mawili ilikuwa pale pale imeandikwa. Mke wangu alilia. Kwa hiyo mimi O'Donovan simgusi.

#16 Kalamu Kavu
Mkwe, pole na hongera. Lakini soma tena ulichoandika. Aliyewaokoa ni mzee wa dukani. O'Donovan amethibitisha tu.

#17 Mkwe wa Mayo
Na mzee wa dukani akifa?

#18 Mwalimu Tabora
Naona wote mnazunguka jambo moja bila kulitaja: njaa. Mwaka 1841 Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mwaka 1851 walibaki milioni 6 na nusu. Katikati hapo viazi vilioza mwaka hadi mwaka, karibu milioni moja wakafa na wengine kama hao wakapanda meli. Waliokufa zaidi ni maskini wa magharibi na kusini, wale wale waliozungumza Kiayalandi. Vitongoji vingine vilibaki mawe matupu.

Barua za O'Donovan zilikwisha 1841. Njaa ikaanza 1845. Mwaka 1851, sensa ya kwanza kuuliza lugha ilikuta wasemaji wa Kiayalandi kama milioni moja na nusu. Hawa jamaa walipita na daftari mlangoni dakika za mwisho kabisa, na wao wenyewe hawakujua. Kwangu mimi thamani iko hapo. Moto wa 1922 uliteketeza karatasi; njaa iliteketeza waliokuwa wakiulizwa.

#19 Binti Lamu
Mwalimu, hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara tatu.

#20 Mama Kalenga
Nami naomba kuongeza, kwa sababu uzi wote wanaume. Margaret Stokes, aliyezaliwa Dublin 1832. Petrie alipofariki 1866 aliacha michoro ya maandishi ya kwenye mawe ya makaburi ya Kikristo, haijachapishwa. Margaret ndiye aliyeihariri ikatoka katika miaka ya 1870, na ndiye aliyekamilisha kitabu kikubwa cha Lord Dunraven kuhusu majengo ya kale baada ya Dunraven kufa. Mawe mengine yaliyochorwa pale leo yamelika na mvua, herufi hazisomeki.

Na swali langu kwa wote: hao wapima ramani walipofika kijijini walimuuliza nani? Padri, mwalimu, wakala, mzee wa kiume. Mambo ya kuzaa na kuzika watoto wachanga nani alikuwa anayajua? Mjukuu, usimwache huyo bibi.

#21 Mzee Karani
Mama Kalenga, umenipa la kufikiri. Kwa hilo, hata O'Donovan mwenyewe angekosa.

Kidogo nje ya mada: mnajua O'Donovan na O'Curry walikuwa wanyumba? Walioa dada wawili, watoto wa Broughton. Walifanya kazi meza moja, wakaugua njaa moja ya pesa, na wakafa karibu pamoja, mmoja Desemba 1861, mwingine 1862, sheria za kale za Kiayalandi walizokuwa wakizitafsiri zikiwa hazijachapishwa.

#22 Mtoto wa Posta
Wanyumba wakabishana juu ya miswada kwenye chakula cha Krismasi, wake zao wanawaangalia tu. Nawaona kabisa.

#23 Mwalimu Tabora
Kwa O'Curry kuna kisa kizuri. Mwaka 1839 Thomas Moore, mshairi maarufu, alikuwa anaandika historia ya Ayalandi. Petrie akampeleka Academy, wakamkuta O'Curry mezani kazungukwa na miswada ya kale. Moore akauliza ni nini hivyo, akaonyeshwa. Akamgeukia Petrie akakiri kwamba hakujua vitu hivyo vipo, na hakustahili kabisa kuanza kuandika historia hiyo. O'Curry ndiye aliyekisimulia baadaye kwenye mihadhara yake ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki.

#24 Msafiri wa Kisumu
Na sisi huku nani alipita na daftari mlangoni kabla ya...

#25 Fundi Ramani
Msafiri, hiyo fungulia uzi wake, nitakuja. Hapa tumsaidie dada kwanza. Mjukuu, nilikuomba tahajia nne. Na kingine: angalia ramani yenyewe ya inchi sita, toleo la kwanza, halafu ile ya inchi 25 ya mwishoni mwa karne. Makaburi ya watoto mara nyingi yameandikwa kwenye ramani hizo.

#26 Mjukuu wa Pangani
Nimerudi, samahani, nilikuwa zamu za usiku. Nimesoma yote, mmenisaidia sana.

Tahajia nne: Killeen (daftari la kodi), Killen (wakala), Kileen (ramani ya zamani), Quilleen (padri).

Ramani ya inchi sita: pale shambani kuna duara dogo la vidoti, halina neno lolote. Inchi 25: duara lile lile, na sasa limeandikwa kwamba ni makaburi ya watoto.

Jumamosi bibi alinipeleka. Anatembelea fimbo, tukaenda polepole kupitia geti la ng'ombe. Ndani ya duara nyasi ni fupi kuliko kwingine, na kuna mawe madogo yamesimamishwa wima, hayazidi kiganja changu, hayana maandishi. Juu ya mengine kuna vijiwe vyeupe vya kung'aa. Bibi alisimama kwenye kimoja karibu na mti wa miiba akasema, huyu ni wa mama yangu, kabla yangu. Mtoto alikufa bila ubatizo, na siku hizo hawakuruhusiwa kuzikwa makaburi ya kanisa. Baba alimbeba usiku kwenye sanduku. Mimi wodini nimeshawafunga sanda wengi wadogo hivyo. Nilishindwa kuandika chochote siku hiyo.

#27 Mama Kalenga
Pole, mwanangu. Na pole kwake bibi.

#28 Dokta wa Udongo
Poleni. Duara la vidoti huenda ni boma la kale la mkulima, la zama za kati za mwanzo. Maboma ya namna hiyo mengi yalitumika baadaye kuzikia watoto, kwa sababu watu waliyaogopa na hakuna aliyeyalima. Mawe meupe ni ya kawaida mahali kama hapo. Kwa hiyo si lazima liwepo kanisa ndipo pawe na *cillín*.

#29 Fundi Ramani
Quilleen ya padri! Hiyo ndiyo iliyomfanya O'Donovan aandike msitu. *C* ya *coill* ni nzito, ukiisikia unaelekea kuandika *qu*. *C* ya *cill* ni nyembamba. Mtu wa Kiayalandi hachanganyi. Kama padri aliandika Q, basi alisikia *coill* kutoka kwa waumini wake.

#30 Kalamu Kavu
Au padri alikuwa mgeni wa jimbo lingine mwenye matamshi yake. Au hakutaka jina la kitongoji liseme yaliyoko pale. Ramani ya kwanza haikuandika kitu, na wanajeshi walipita wakaliona duara. Kuna mtu alinyamaza.

#31 Mwalimu Tabora
Au kuzika kulianza baada ya 1841, wakati wa njaa, na jina likageuzwa maana. Msitu mdogo ukawa makaburi madogo bila herufi hata moja kubadilika. Mjukuu, angalia pia madaftari ya watoto wa shule ya 1937 hadi 1939, walitumwa kuuliza wazee wao habari za mahali. Shule ya parokia yenu huenda imo.

#32 Mkwe wa Mayo
Bibi analitamkaje?

#33 Mjukuu wa Pangani
Analitamka Kiingereza, Killeen tu, kama mwenyekiti. Nilipomsogezea swali alisema bibi yake ndiye aliyekuwa na Kiayalandi, na alipokuwa akiwaita watoto watoke lile shamba jioni alikuwa na neno lake. Akajaribu kulitoa mara mbili, akasema limemponyoka mdomoni. Nimemwachia simu yangu ya zamani yenye kinasa sauti, iko juu ya meza yake ya jikoni.